Bata na Mayai Yake: Sababu ya Kungoja Siku 35

Katika nyua nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, pande za bara zinazokizunguka kisiwa cha Mombasa, wenye nyumba hufuga bata pamoja na kuku. Wanaoonekana zaidi ni wale bata wakubwa wenye nyama nyekundu usoni, ambao hawapigi kelele nyingi, na dume lao hufoka tu anapokasirika. Ufugaji wake hauna gharama kubwa, kwa kuwa bata huyu hujitafutia majani na wadudu, na nyama yake ni nyingi. Hata hivyo, wafugaji wengi hupata hasara kila mwaka. Wengine huyatupa mayai yaliyo hai wakidhani yameoza; wengine huwaua vifaranga kwa kutaka kuwasaidia; na wengine huwaona vifaranga wao wakichukuliwa na kunguru siku ile ile wanapotoka kiotani. Hasara hizi tatu zaweza kuepukwa na kila mtu anayezijua desturi za ndege huyu.

Asili ya bata huyu ni Marekani ya Kati na ya Kusini, ambako wenyeji walikuwa wakimfuga kabla Christopher Columbus hajafika pande hizo mwaka 1492. Ndugu zake wa mwituni wangaliko huko hata leo. Hukaa katika misitu iliyo karibu na mito, hulala juu ya miti, na hutaga mayai ndani ya mashimo ya miti. Hapa Afrika nako wako bata mwitu wenye desturi kama hiyo, mmojawapo akiwa yule ambaye dume lake lina nundu juu ya mdomo.

Kwa sababu hiyo bata wa uani hupenda kutagia mahali penye giza na faragha. Sanduku la mbao lililolazwa ubavu, lenye upana wa kama futi moja na nusu kila upande, lamtosha kabisa. Liwekwe kivulini, chini ya mwembe au kando ya ukuta, na ndani yake yatiwe majani makavu. Bata mwenyewe ataongeza manyoya mororo anayojing'oa kifuani.

Bata hutaga yai moja moja kwa muda wa siku nyingi, mpaka yawe kama manane au kumi na matano. Katika siku hizo haatamii. Huondoka akenda zake. Yai lisilopata joto hulala tu, uhai wake ukingoja. Akisha kutaga la mwisho ndipo anapokaa kitako, na mayai yote huanza safari yao siku moja. Ndiyo maana yai la kwanza na yai la mwisho huanguliwa karibu wakati mmoja. Tangu hapo hatoki ila mara moja kwa siku, na kwa muda mfupi, apate kula na kuoga. Hurudi na manyoya yenye maji, na unyevu huo huwafaa mayai.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea hesabu. Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Yai la bata wa aina nyingine huchukua siku 28. Lakini yai la bata huyu mwenye uso mwekundu huchukua siku kama 35, yaani majuma matano kamili. Mwenye kuhesabu kama kuku huona majuma matatu yamepita, la nne limepita, na bata angali amekaa, naye hukata tamaa.

Tufanye mfano wa nyumba moja ya Kisauni. Kijana aliyekwisha kuchoka kungoja amwambia nyanya yake, "Nyanya, mayai haya yameharibika. Kuku wetu alianza kuatamia siku moja na huyu, na vifaranga wake sasa wana majuma mawili. Heri tuyatupe."

Nyanya amjibu, "La, mjukuu wangu, bata si kuku. Hebu inama, utege sikio lako hapa."

Kijana ainama, na kutoka ndani ya ganda lisilo na ufa hata mmoja asikia sauti nyembamba ikilia. Kama angaliachiwa, angaliyatupa mayai siku moja kabla ya kuanguliwa.

Asiyependa kubahatisha anayo njia ya kujua mapema. Siku ya kumi ya kuatamia, usiku, achukue yai na kulishika mbele ya mwanga wa tochi ndani ya chumba chenye giza. Yai lililo hai huonyesha mishipa myembamba ya damu iliyotawanyika kama mizizi. Yai lisilo na kitu huwa jeupe tupu. Hilo laweza kuondolewa. Mengine yarudishwe upesi kwa mama yao.

Na ile sauti kijana aliyoisikia yatoka wapi? Upande mnene wa yai kuna nafasi ndogo yenye hewa. Karibu na mwisho, kifaranga hutoboa utando wa nafasi hiyo, avute pumzi kwa mapafu kwa mara ya kwanza, na ndipo aanzapo kulia. Mama humjibu kwa sauti ya chini. Kisha kifaranga huligonga ganda kwa kijino kigumu kilicho juu ya ncha ya mdomo wake, ambacho hudondoka baada ya siku chache. Ufa huonekana, kisha mambo yote husimama, pengine kwa siku nzima au zaidi.

Kusimama huku kumewaponza vifaranga wengi. Mtu mwenye huruma huona kifaranga ameshindwa, akalibandua ganda kwa vidole. Kumbe kifaranga hajashindwa. Damu iliyo katika mishipa ya utando ingali ikirudi mwilini mwake, na kiini cha yai kingali kikiingia tumboni. Akitolewa kabla ya wakati hutokwa na damu akafa. Basi mikono na ikae mbali.

Kile kiini kilichoingia tumboni ndicho chakula chake cha kwanza. Kwa hiyo vifaranga waweza kukaa chini ya mama kwa siku nzima bila kula, wakijikausha, na mwenye nyumba asiwe na wasiwasi. Baadaye mama hutoka, husimama nje, na kuwaita. Nao hutoka mmoja baada ya mmoja. Huko msituni huruka kutoka juu ya mti mpaka chini, wala hawaumii, kwa kuwa ni wepesi na wamefunikwa manyoya mororo. Lakini hawawezi kuruka kurudi juu. Kwa hiyo sanduku la uani liwekwe chini, wapate kurudi usiku kwenye joto.

Saa hizo za kwanza zina maana kubwa. Mtaalamu wa Austria, Konrad Lorenz, alieleza mwaka 1935 jinsi vifaranga wa bata bukini waliomwona yeye kwanza walivyomfuata kila aendako kana kwamba ndiye mama yao. Mwaka 1973 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili. Wakazi wa pwani wamekwisha kuona jambo hili kwa macho, pale mayai ya bata yanapowekwa chini ya kuku: vifaranga humfuata kuku, kisha huingia majini, naye husimama ukingoni akihangaika. Basi watoto wasiwatoe vifaranga kiotani kuwachezea. Waachwe wamjue mama yao.

Likabaki la kunguru. Kunguru wa Bara Hindi si mwenyeji wa pwani hii. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale takataka, na ilipofika mwaka 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Amezidi mno hata mwaka 2024 Shirika la Huduma za Wanyamapori la Kenya likatangaza azimio la kuwaangamiza milioni moja. Mama bata hupigana kwa mabawa, lakini kunguru huja wengi. Mmoja humchokoza, mwingine humnyakua kifaranga. Kwa hiyo mama na wanawe wafungiwe ndani ya tundu lenye wavu juu mpaka vifaranga wapate ukubwa usiobebeka. Wapewe maji katika sahani isiyo na kina, yenye vijiwe ndani yake wasije wakazama, pamoja na unga uliolowekwa na mchicha uliokatwa vipande vidogo. Takataka za jikoni zifukiwe, kwani ndizo zinazomwita kunguru uani.

Siku bata anapokaa kitako, mwenye nyumba na apige mstari kwa mkaa ukutani, na kila asubuhi aongeze mwingine. Mistari isipotimia 35, asiliguse yai lolote lililoonekana kuwa hai.