Puto Huenda Wapi? Somo la Upepo kwa Wenyeji wa Kisii na Nyamira

Mwezi wa Januari, 2018, watu wa Nthambiro, katika Meru, walikuta chombo kigeni kimeanguka katika shamba la miraa. Walijaa kukitazama, na wengine waliogopa. Kumbe lilikuwa puto la Loon, lililotengenezwa ili kuwapelekea watu intaneti kutoka angani. Julai 2020 maputo ya namna hiyo yalianza kazi kwa ushirikiano na Telkom Kenya, na Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizohudumiwa. Mwaka 2021 kazi hiyo ilifungwa, kwa kuwa gharama yake ilikuwa kubwa mno.

Maputo hayo yalielea kiasi cha kilometa 20 juu ya nchi, wala hayakuwa na injini ya kuyasukuma. Je, yaliwezaje kushika njia? Siri ni kwamba upepo si mmoja. Ule wa chini waweza kwenda mashariki hali ule wa juu waelekea magharibi. Basi puto lilipanda au kushuka mpaka likapata upepo ulioelekea kule lilikotakiwa.

Jambo hili lipo hata juu ya vichwa vyetu. Mchana upepo wa Ziwa Victoria huvuma kuja milimani, na mara nyingi hukutana na upepo utokao mashariki. Hapo hewa hupanda juu, mawingu yakajikusanya, na alasiri ikanyesha ile mvua ya mawe ambayo kila mkulima wa majani ya chai aijua kwa hasara yake. Kwa hiyo kuujua upepo si mchezo wa watoto, ingawa watoto waweza kuupima.

Yatakiwa puto la mpira la rangi nyekundu, lenye upana wa sentimeta 30, lililojazwa gesi ya heliamu na wauzaji wa mjini. Haidrojeni isitumiwe kabisa, kwa maana hushika moto upesi. Na heliamu nayo isivutwe puani wala kinywani kwa mzaha, kwani humnyima mtu pumzi. Katika nchi yetu ya juu puto la kadiri hiyo lainua gramu 12 hivi, na mpira wenyewe wala karibu gramu 3. Basi kadi ya kufungia iwe nyepesi, nayo ifungwe kwa uzi wa pamba, si utepe wa plastiki, maana ng'ombe hawachagui walacho.

Kwanza pimeni mwendo wake wa kupanda. Ndani ya ukumbi usio na upepo, liacheni lipande likivuta uzi wa meta 5, mkihesabu nukta. Likitumia nukta 3, lapanda meta 100 kwa dakika. Kisha tokeni uwanjani, mbali na nyaya za umeme na mbali na uwanja wa ndege wa Suneka, mkaliachie.

Chukueni protakta ya shule, mning'inize uzi wenye kijiwe katikati yake, mkalitazame puto kwa kufuata ukingo wake ulionyoka. Hesabu inayoonyeshwa na uzi itoeni katika 90: hiyo ndiyo pembe ya puto juu ya ardhi. Tuseme dakika 4 zimepita na pembe ni 45. Puto liko juu meta 400, na kwenda mbali kwake pia ni meta 400. Yaani upepo wakimbia kilometa 6 kwa saa. Pembe ikiwa 27 tu, umbali ni mara mbili ya kimo. Andikeni kila dakika, pamoja na upande lilikoelekea. Huenda mkaliona likienda kwanza upande wa Keroka, kisha likageuka kurudi kuelekea ziwani. Atakayeona hivyo ameuona mpaka wa pepo mbili kwa macho yake mwenyewe.

Puto moja latosha kwa darasa zima. Mpira uangukao ni takataka katika shamba la mtu. Na juu ya kadi andikeni kwa Kiswahili na Ekegusii, na kwa Kijaluo pia, kwa sababu laweza kuvuka hadi Homa Bay: jina la shule, sanduku la posta, saa lilipoachiliwa, na maneno haya: "Hiki si kitu cha hatari. Tafadhali tuandikie ulikokiokota."