Baiskeli katika vilima vya Surrey: Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma

Huenda una ndugu, mtoto au rafiki anayeishi Uingereza, au wewe mwenyewe unajiandaa kwenda huko kusoma au kufanya kazi. Ukifika London, haitachukua muda mrefu kabla ya mwenzako kukualika mwende kuendesha baiskeli Jumapili katika vilima vya Surrey, kusini mwa jiji hilo. Ni burudani nzuri na ni dawa kwa mwili. Lakini vilima hivyo huwadanganya wengi, hasa sisi tuliozoea kuona milima mirefu.

Kilele cha Box Hill kiko mita 224 tu juu ya usawa wa bahari. Leith Hill, ambayo ndiyo ndefu kuliko vilima vyote vya Surrey, ni mita 294. Mkazi wa Nairobi, anayelala mita 1,700 juu ya bahari, atacheka akisikia takwimu hizo. Hata hivyo moyo haupimi urefu wa kilele. Unachopima ni kiasi unachopanda, ukali wa mwinuko, na idadi ya mara unazorudia kupanda.

Njia yenyewe

Treni kutoka London hadi Dorking, au hadi kituo kidogo cha Box Hill na Westhumble kabla yake, huchukua muda wa kama saa moja. Kutoka hapo mwendeshaji hufuata barabara iitwayo Zig Zag, ambayo hupanda Box Hill kwa kupindapinda kwa umbali wa kama kilomita mbili na nusu. Mwinuko wake ni wastani wa asilimia 5, yaani kila mita 100 unazokwenda unainuka mita 5. Juu kuna mkahawa na mahali pa kutazama bonde lote. Baadaye barabara hupita kijiji cha Box Hill na Headley, kisha hushuka kwenye miti hadi Mickleham na kurudi ulikoanzia.

Mzunguko huo, wa kama kilomita 15, ndio uliotumiwa katika mbio za barabarani za Olimpiki za London mwaka wa 2012. Wanawake waliuzunguka mara mbili na wanaume mara tisa. Miongoni mwa wanaume hao alikuwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, ambaye mwaka uliofuata alishinda Tour de France.

Anayetaka zaidi huteremka hadi Dorking, akavuka bonde na kupanda tena kupitia kijiji cha Coldharbour hadi Leith Hill, ndani ya msitu mnene wa misonobari na miti mingine. Hapa ndipo mtego ulipo. Surrey ina safu mbili za vilima, moja ya mawe ya chaki na nyingine ya mchanga mgumu, na bonde katikati. Kila unachopanda unakipoteza ukishuka bondeni, na inakubidi ukilipe upya.

Moyo unafanya nini?

Kutoka chini hadi juu ya Box Hill unapanda mita zipatazo 120. Jumba la KICC jijini Nairobi, lenye ghorofa 28, lina urefu wa mita 105. Kwa hivyo kupanda kilima hicho mara moja ni zaidi ya kupanda KICC kwa ngazi, tena ukiinua na uzito wa baiskeli. Wale wa Olimpiki waliopanda mara tisa walijumlisha zaidi ya mita 1,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Mtu mwenye kilo 70, juu ya baiskeli ya kilo 10, akienda kilomita 12 kwa saa mahali tambarare, miguu yake haifanyi kazi kubwa. Akishika mwendo huohuo kwenye mwinuko wa asilimia 5, kazi hiyo huongezeka zaidi ya mara tano. Misuli hudai oksijeni, moyo hupiga haraka na shinikizo la damu hupanda. Moyo uliozoezwa hustahimili. Lakini ule ambao mishipa yake imeanza kuziba kwa mafuta, pengine bila mwenyewe kujua, huenda ukakosa damu ya kutosha.

Jambo hili si la kutishana bure. Katika mashindano ya umma ya RideLondon-Surrey, yaliyofanyika katika njia za eneo hili kuanzia 2013 hadi 2019, wapo washiriki waliofariki baada ya moyo kusimama, mmoja mwaka wa 2014 na mwingine 2016. Maelfu na maelfu walimaliza salama, na kwa jumla baiskeli hulinda moyo kuliko inavyoudhuru. Hatari kubwa humkabili yule anayekaa kitini wiki nzima, kisha Jumapili akataka kushindana na vijana mlimani.

Kabla ya safari

Muone daktari kwanza ikiwa umepita miaka 40 na hukuzoea mazoezi, ikiwa una presha au kisukari, ikiwa unavuta sigara, au ikiwa mzazi au ndugu yako alipatwa na ugonjwa wa moyo akiwa bado kijana. Anayetumia dawa za kisukari, hasa insulini, aulize jinsi ya kupanga chakula na dawa siku hiyo, kwani sukari inaweza kushuka ghafla njiani. Dawa nyingine za presha huzuia moyo kupiga haraka, kwa hivyo usitegemee saa inayohesabu mapigo.

Jitayarishe kwa majuma kadhaa. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wazima wafanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kila wiki. Ukishindwa kutimiza hayo mahali tambarare, ahirisha vilima.

Jinsi ya kupanda

Anza polepole, na badilisha gia iwe nyepesi kabla mwinuko haujakuwa mkali. Kipimo rahisi ni ulimi wako. Ikiwa unaweza kutamka sentensi nzima, mwendo unakufaa. Ikiwa unatoa neno mojamoja, punguza. Kwenye njia kali kama White Down, ambako baadhi ya sehemu hupita asilimia 15, si aibu kushuka na kusukuma baiskeli. Ukifika juu usisimame ghafla. Endelea kuzungusha miguu taratibu kwa dakika chache, la sivyo damu itabaki miguuni nawe utaona kizunguzungu.

Safari ikizidi saa moja, kunywa maji kidogo kidogo na ule ndizi mbivu au mkate kabla ya kuhisi njaa.

Kushuka ndio ngoma

Wahenga hawakukosea. Njia nyingi za Surrey ni nyembamba, zimezama katikati ya kingo za udongo, na matawi hufunika mwanga. Majani yaliyolowa huteleza kama sabuni. Punguza mwendo kabla ya kona wala si ndani yake, tumia breki zote mbili, na utarajie gari, farasi au paa upande wa pili. Vaa kofia ngumu. Beba pia koti jepesi la kuzuia upepo, kwa maana jasho ulilotoka ukipanda litakupoza vikali ukishuka, na vidole vilivyokufa ganzi havishiki breki.

Kupe wa msituni

Ukipumzika kwenye nyasi au vichaka, kagua miguu, kinena na makwapa ufikapo nyumbani. Kupe wa misitu ya Uingereza wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme. Mtoe kupe kwa kibano chembamba, ukimshika karibu na ngozi na kumvuta moja kwa moja. Usimchome moto wala kumpaka mafuta. Doa jekundu linalopanuka kama duara, siku 3 hadi 30 baadaye, latosha kukupeleka kwa daktari. Dawa za kuua bakteria huponya likiwahiwa. Na ukirudi Kenya kisha upate homa, mwambie daktari kwamba ulikuwa katika misitu hiyo, maana hapa kwetu wengi watafikiria malaria tu.

Dalili za hatari

Simama mara moja ukihisi kifua kinabanwa, maumivu yanayoelekea mkononi au kwenye taya, jasho baridi, kizunguzungu, au pumzi kukatika kuliko kawaida. Usiseme utamalizia kilima kwanza. Kaa chini na upige simu 999, ambayo nchini Uingereza hailipiwi. Mwenzako akianguka, asijibu wala asipumue vizuri, piga simu hiyo, kisha bonyeza katikati ya kifua chake kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kuacha. Wakiwapo watu wengine, mmoja atafute mashine ya kushtua moyo. Vijiji vingi vya Uingereza vinayo, na anayepokea simu atakuelekeza iliko.

Kwa anayepanda kwa kipimo cha pumzi yake, vilima vya Surrey ni mahali pa kuupa moyo nguvu. Anza na Box Hill mara moja, urudi nyumbani, uone mwili utakuambia nini kesho yake. Leith Hill itakungoja.