Kulinganisha pua za samaki wa Tanganyika: kazi huanzia ufukweni

Anayetaka kujua samaki wanatofautianaje kwa kunusa ana bahati akiwa Bujumbura, kando ya ziwa. Ziwa Tanganyika lina spishi zipatazo 240 za sikilidi, ndugu wa sato, na karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Kuna wanaokwangua mwani kwenye mawe, na kuna Perissodus microlepis, anayeishi kwa kuwanyofoa wenzake magamba. Wote hao wana jeni za kunusia, ila hawazitumii kwa kiwango kimoja.

Usichukue samaki wa sokoni. Kinachopimwa ni RNA, nakala ambayo seli huitoa kwenye jeni inayofanya kazi, nayo huanza kuoza mara samaki anapokufa. Nunua samaki hai kwa wavuvi, waweke wote kwenye maji ya aina moja kwa wiki kadhaa, walishe chakula kimoja, kisha chukua sampuli saa ileile ya siku. La sivyo utalinganisha maji na chakula ukidhani unalinganisha spishi. Jike aliyebeba mayai mdomoni asihesabiwe pamoja na dume anayetafuta mwenza.

Sikilidi ana tundu moja la pua kila upande. Mukeke, ambaye si sikilidi, ana mawili. Muue samaki kwa dozi kubwa ya dawa ya ganzi, kata ngozi kuzunguka tundu kwa mkasi mdogo, na chini yake utaona mikunjo myeupe iliyojipanga kama petali za ua. Inyanyue kwa kibanio chembamba, usibebe ngozi, kisha itumbukize papo hapo kwenye maji ya amoniamu salfeti ya kuhifadhia RNA. Hata umeme ukikatika mjini, humo itavumilia siku kadhaa. Chukua angalau samaki watano kwa kila spishi, na siku ya kutoa RNA zichanganye spishi. Ukitenga moja Jumatatu na nyingine Jumanne, tofauti ya siku itajifanya tofauti ya samaki.

Kwenye hesabu ya RNA kuna mtego mmoja mkubwa. Kwa kawaida kila seli ya kunusia huwasha jeni ya kipokezi kimoja tu cha harufu, kwa hiyo RNA ya kipokezi ikipanda huenda seli ndizo zimeongezeka. Vipokezi vina familia kadhaa: pima vya OR kwa kuvilinganisha na jeni ya OMP, na vya V2R kwa TRPC2, maana jeni hizo ni alama za seli zenyewe. Anza na familia ya V1R: samaki wengi wana sita tu, hivyo ni rahisi kuzioanisha moja kwa moja kati ya spishi. V2R zimezaana mno kwa sikilidi, ziache mwisho. Ili kujua RNA imetoka jeni gani, tumia jenomu ya ndugu wa karibu, kwa mfano Neolamprologus brichardi wa ziwa hilihili, iliyochapishwa mwaka 2014, badala ya ile ya sato wa Nile.

Jeni itakayoonyesha tofauti kubwa, itie rangi kwenye kipande chembamba cha pua na uhesabu seli zake kwa hadubini.