MALI BILA DAFTARI

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikie wanafunzi wa Chama cha Muziki juu ya kuendesha kazi ya muziki. Mimi nilisoma katika shule hii, na sasa napiga fidla katika kundi dogo huko Dar es Salaam. Sitaeleza namna ya kushika upinde. Hayo mwalimu wenu ayajua. Nataka kueleza habari za karatasi na kalamu, maana kwa kuvikosa vitu hivyo viwili nilimpoteza rafiki.

Tulikuwa watu wanne: fidla, ganuni, udi na dumbaki. Katika kundi dogo kama hilo kila chombo kina mtu wake, na mmoja akikosekana kazi yote huharibika. Siku moja mwenye ukumbi fulani alinisimamisha mlangoni akasema, "Njooni Jumamosi, nitawapa laki nne." Nikakubali papo hapo. Sikuuliza tutapiga kwa saa ngapi, wala nani atalipia vipaza sauti.

Tulipiga tangu saa moja hadi saa sita usiku. Mwisho akanipa shilingi 280,000, akasema amekata 120,000 za vipaza sauti. Nilipowapelekea wenzangu fedha, mzee wetu wa udi alizihesabu mara mbili. Akauliza, "Mwanangu, si ulituambia laki nne?" Nikamweleza yaliyotokea. Akasema, "Haya, nionyeshe karatasi." Nikajibu, "Mzee, hatukuandikiana." Hakunigombeza. Alitia udi wake mkobani akaenda zake.

Watu hudhani kwamba kuandikiana ni kutiliana shaka. Sivyo. Tazameni habari za Joseph Haydn wa Austria, aliyeustawisha sana muziki wa watu wanne: fidla mbili, viola na selo. Tarehe 1 Mei, 1761, alitia sahihi mkataba wa kazi katika nyumba ya kitajiri ya Esterházy. Mkataba ule ulitaja mshahara wa gulden 400 kwa mwaka, muda wa miaka mitatu, na kwamba akitaka kuacha kazi atoe habari miezi sita kabla. Lakini ulisema pia kwamba muziki atakaotunga ni wa bwana wake tu, asimpe mtu mwingine nakala. Mwaka 1779 ulifanywa mkataba mpya, na sharti hilo halikuwamo tena. Baada ya hapo Haydn aliweza kuwauzia wapiga chapa tungo zake kwa hiari yake, na jina lake likaenea. Basi, someni kila mstari kabla ya kutia sahihi.

Kabla ya kwenda kupiga, andikeni mambo haya:

1. Majina ya pande mbili, mahali, tarehe, saa ya kuanza na saa ya kumaliza.
2. Jumla ya malipo, arubuni itakayotangulia, na siku ya kulipwa salio.
3. Nani atalipa nauli, chakula na vipaza sauti.
4. Shughuli ikivunjika, arubuni itakuwa ya nani.
5. Kama mtarekodiwa, na kwa matumizi gani.

Pande zote mbili zitie sahihi, na kila upande ukae na nakala yake. Mkipokea fedha, toeni stakabadhi.

Kwa sheria ya Tanzania mapatano ya mdomo yaweza kuwa mkataba halali, lakini kuyathibitisha ni kazi ngumu. Mwenye shughuli akiwa hapendi karatasi, mpelekee ujumbe wa simu wenye masharti yote, naye ajibu kwamba amekubali. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 yaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokewa mahakamani kama ushahidi. Tena jueni kwamba aliye chini ya miaka 18 hana uwezo wa kufunga mkataba. Kwa hiyo wazazi, watoto wenu wakiitwa kupiga muziki kwa malipo, msiwaachie wafunge mapatano peke yao.

Yako mambo ya hakimiliki pia. Sheria ya 1999 humlinda mtungaji tangu anapoutunga wimbo, na ulinzi huo huendelea miaka 50 baada ya kufa kwake. Mpigaji naye ana haki yake: kulipwa kwa kupiga usiku mmoja si sawa na kutoa ruhusa ya kurekodiwa. Mtu akitaka kurekodi ili auze au atangaze biashara yake, na aombe ruhusa, na bei ipatanwe mbali.

Mwisho ni hesabu ya ninyi kwa ninyi. Tuseme mmepata shilingi 400,000. Ondoeni nauli 60,000 na nyuzi 20,000, zabaki 320,000. Wekeni kumi kwa mia katika mfuko wa kundi, yaani 32,000, zabaki 288,000. Zigawanyeni kwa watu wanne, kila mmoja apate 72,000. Andikeni hesabu hiyo daftarini, na kila mtu aitie sahihi mbele ya wenzake.

Siku hizi nafanya hivyo kila mara, na katika kundi letu hakuna anayehesabu fedha mara mbili. Lakini mzee wa udi hakurudi. Tukikutana njiani namwamkia, naye huitikia vizuri, kisha kila mtu hushika njia yake. Zile shilingi 120,000 nilikwisha kuzisahau. Linaloniuma ni kwamba mzee yule hana njia ya kujua kama nilisema kweli, nami sina cha kumwonyesha.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami nawaambia, hata urafiki waweza kupotea hivyo.