Diski Ikipasuka Kazini: Mwongozo kwa Mafundi wa Vyuma na Wasaidizi Wao

Mwongozo huu ni wa anayekata na kusugua chuma ili apate riziki: fundi wa mageti na madirisha, saidia fundi anayeshika bomba wakati linakatwa, kijana aliyeletwa na mjomba wake kujifunza kazi, na bosi anayelipa pango la karakana. Umeandikwa kwa kufuata sheria za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake.

Mwongozo umejikita kwenye grenda kwa makusudi. Katika karakana ya kawaida hakuna kifaa kingine ambacho bidhaa mbovu na mazingira mabovu ya kazi hukutana juu yake kwa urahisi namna hii. Diski ikipasuka, mwenye duka atasema fundi aliitumia vibaya, bosi atasema diski ilikuwa feki, na aliyeumia atabaki wodini hajui amshike nani. Sheria haimtaki majeruhi amalize ubishi huo kwanza ndipo atibiwe na kulipwa. Fidia ya kuumia kazini ina njia yake, na madai juu ya bidhaa mbovu yana njia yake. Ukizichanganya, unaweza kuzikosa zote mbili.

Kabla ya kufunga diski

Soma namba mbili. Ya kwanza iko kwenye kibandiko cha grenda, nayo inaonyesha mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ya pili iko kwenye diski, nayo ni kiwango cha juu ambacho diski inaweza kuhimili. Diski ya milimita 115 kwa kawaida huandikwa 13,300. Ya milimita 230 huandikwa takriban 6,600. Namba ya diski lazima ilingane na ya mashine au iizidi. Ikiwa ndogo, usiifunge, hata kama tundu la katikati limeingia sawasawa. Tundu halithibitishi chochote: diski ndogo na kubwa za grenda nyingi zina tundu la kipimo kilekile, milimita 22.23.

Hapo ndipo mafundi wengi wanapoumia. Kazi inahitaji mkato mrefu, grenda kubwa haipo, basi kava la grenda ndogo linavuliwa ili diski ya 230 ipate nafasi. Mashine hiyo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Ukingo wa diski uliotengenezwa kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 280 kwa saa, sasa unakwenda zaidi ya mita 130 kwa sekunde. Nguvu inayoivuta diski isambaratike haiongezeki sambamba na mwendo tu. Hukua kwa kipeo cha pili, kwa hiyo diski inabeba karibu mara 2.7 ya mzigo wake. Diski halisi ya bei ghali nayo itapasuka hapo, na muuzaji atakuwa na haki ya kusema hahusiki. Kipande cha diski kubwa kilicholika hadi kikawa kidogo nacho kisihamishiwe kwenye grenda ndogo. Meno ya msumeno wa mbao yasifungwe kwenye grenda kabisa, maana yakinasa kwenye ubao, mkono hauwezi kuizuia mashine.

Tazama pia pete ya chuma katikati ya diski. Diski iliyotengenezwa kwa utaratibu huwa na mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe. Wapo wanaodhani ni ujanja wa biashara. Chembe za diski hushikwa pamoja na gundi ya resini, na resini hunyonya unyevu na kudhoofika. Kwa hewa ya Dar es Salaam au Tanga, diski iliyolazwa sakafuni au chini ya bati linalovuja inaweza kuharibika kabla hata ya tarehe yake. Zihifadhi mahali pakavu, zikiwa zimelala bapa, mbali na mafuta. Iliyoanguka kwa kishindo, itupe. Mpya, baada ya kuifunga, iache izunguke bure kwa nusu dakika ukiwa umeielekeza pasipo na mtu.

Kuhusu feki, tuseme ukweli: hakuna fundi mwenye jicho lisilodanganyika, na bei chee peke yake haithibitishi lolote. Lakini diski isiyoandikwa spidi, isiyo na tarehe wala jina la mtengenezaji, au ambayo pete yake imekaa upande, usiinunue hata ukipewa kwa nusu bei. Dai risiti ya EFD. Wengi huikataa ili wapunguziwe bei kidogo, wakasahau kwamba ndiyo karatasi pekee itakayowaunganisha na duka siku diski ikimjeruhi mtu.

Karakana yenyewe

Kava la grenda liko pale kwa ajili ya siku diski itakapopasuka. Likae kati ya diski na mwili wako, na mikono yote miwili ishike mashine. Diski nyembamba ya kukatia isitumiwe kusugulia kwa ubavu. Ya kusugulia ni nene na ni nyingine. Saidia fundi asisimame kwenye mstari wa diski. Miwani ya jua si kinga. Tafuta miwani yenye alama ya EN 166 au Z87 kwenye fremu au kioo, na ikumbuke hata kwa kazi ya dakika moja, kwani hiyo ndiyo kazi ambayo mtu huona uvivu kuifuata miwani.

Pipa linastahili onyo la peke yake. Pipa lililokuwa na petroli, dizeli au tina halijawa tupu kwa sababu tu umelipindua na hakuna tone lililotoka. Mvuke uliobaki, ukichanganyika na hewa na kukutana na cheche, hulipuka kwa nguvu kuliko ambavyo pipa lililojaa lingefanya. Usilikate na grenda wala usilichomelee mpaka liwe limesafishwa na anayejua kazi hiyo. Mteja akiharakisha, mwache aende.

Umeme nao: waya uliochubuka na kuzungushiwa gundi ya karatasi, nyaya zilizochomekwa kwenye soketi kwa vijiti bila plagi, mashine ya kuchomelea ya kienyeji isiyo na kava wala waya wa ardhi. Kila fundi anavifahamu. Hivi ni vya kurekebishwa na mwenye karakana kabla ya kumwita mtu kazini.

Mwenye karakana hawezi kujitetea kwamba ni biashara ndogo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka eneo la kazi lisajiliwe kwa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, na inamtwisha mwajiri jukumu la mashine salama na vifaa vya kinga. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1981 unaweka msingi kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi, kwa hiyo bosi anayekata bei ya miwani kwenye posho ya kijana anakwenda kinyume na msingi huo.

Saa ya kwanza baada ya ajali

Zima umeme, kisha mhudumie mtu. Damu inayotoka kwa wingi ikandamizwe kwa kitambaa safi bila kuachia kila mara kuchungulia. Kipande kilichochoma na kubaki mwilini kisichomolewe pale karakanani. Jicho lililoingiwa na chuma lisisuguliwe wala kuchokolewa kwa njiti ya kiberiti au ncha ya khanga, ingawa kila mtaa una mtu anayesifiwa kwa kazi hiyo. Lifunike bila kulikandamiza, uende hospitali. Huko, mwambie daktari waziwazi kwamba umeumia kazini, na uombe iandikwe hivyo. Neno hilo moja kwenye karatasi ya hospitali lina uzito kuliko maelezo marefu utakayoyatoa miezi mitatu baadaye.

Wakati huo aliyebaki karakanani ana kazi. Akusanye vipande vyote vya diski, hata vidogo, pamoja na pete yenye tarehe. Apige picha grenda ilivyo, kibandiko chake, mahali kava lilipo au lisipokuwepo, na sakafu. Aandike majina ya walioshuhudia. Vitu hivi visipelekwe dukani kwa ahadi ya kubadilishiwa: ukishamkabidhi muuzaji vipande, ushahidi umekwisha. Watu wema hufagia karakana haraka ili mgonjwa akirudi asione damu. Wasubiri kidogo.

Fidia

Fidia ya kuumia kazini Tanzania Bara hulipwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Hakuna senti inayoruhusiwa kukatwa kwenye mshahara wako kwa ajili hiyo. Mfuko hauulizi kwanza kama bosi alizembea au kama diski ilikuwa feki. Unauliza kama uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi.

Mafao yanaanza na matibabu. Ukishindwa kufanya kazi kwa muda, hulipwa asilimia 70 ya kipato chako: aliyekuwa akipata shilingi 400,000 kwa mwezi hupata 280,000, kwa kipindi kisichozidi miezi 24. Ukibaki na ulemavu wa kudumu, kiwango chake hupimwa kwa asilimia. Usiozidi 30 hulipwa kwa mkupuo, unaozidi hapo huleta pensheni. Kuna pia utengamao, malipo ya msaidizi kwa asiyejiweza, na mafao ya wategemezi iwapo mtu amefariki.

Mwajiri anatakiwa kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Asipofanya hivyo, wewe au ndugu yako peleka taarifa mwenyewe, na usipitishe miezi 12 tangu ajali, maana haki inaweza kupotea. Mapatano ya pembeni ya aina ya "nitakulipia hospitali, mambo yaishe hapa" ndiyo hula miezi hiyo. Pokea msaada wa bosi ukipewa, lakini taarifa ifike. Na kama hajawahi kujisajili wala kuchangia, hilo ni kosa lake kwa Mfuko. Lisikuzuie wewe kwenda kuripoti.

Swali linalowatesa wengi ni hili: "Mimi sina mkataba, je, ni mfanyakazi?" Mara nyingi, ndiyo. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata moja kati ya mambo kadhaa: anafuata maelekezo ya mwingine kuhusu kazi au saa zake, anatumia zana za mwingine, anamtegemea mtu huyo kiuchumi, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Deiwaka anayekuja kila asubuhi kwa bosi yuleyule na kutumia grenda ya bosi ameingia humo. Anayejifunza ufundi naye yumo kwenye sheria ya fidia. Asiyeingia ni fundi mwenye grenda yake na wateja wake, anayekodi kona tu ya karakana. Huyo, bima binafsi na risiti za vifaa ndiyo ngome yake.

Madai juu ya bidhaa

Njia hii ni ndefu zaidi, na haifai kuisubiri ndipo ushughulikie fidia. Bidhaa isiyokidhi viwango huripotiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Bidhaa bandia, inayovaa jina la mtengenezaji mwingine, huripotiwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaipa pia kazi ya kumlinda mlaji. Taasisi hizi zinaweza kuiondoa bidhaa sokoni. Fidia yako kwa muuzaji au mwingizaji ni madai ya kisheria, na hapo tafuta wakili au kituo cha msaada wa kisheria ukiwa na risiti, vipande na picha mkononi. Utakuwa na kazi ya kuonyesha kwamba diski ilitumika inavyotakiwa: mashine yenye spidi inayolingana nayo, kava mahali pake, tarehe haijapita. Hata usipodai chochote, ripoti. Maboksi mengine ya diski hizo bado yako rafuni.

Bosi akikufukuza

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali kuwa sababu halali ya kumwachisha mtu kazi kwamba ametumia haki aliyopewa na sheria, au amekataa kufanya jambo ambalo mwajiri haruhusiwi kisheria kumtaka alifanye. Ulinzi huo wa kuachishwa isivyo haki haumhusu mwenye chini ya miezi 6 kazini. Kwa wengine, lalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Ukiwa bado umelazwa, mtume ndugu akaulizie utaratibu mapema. Kuchelewa huhitaji maombi ya pekee yenye sababu, na hapo karatasi za hospitali zenye tarehe za kuingia na kutoka zitatakiwa.