Goti la Mzee Halitibiwi kwa Kidonge Peke Yake

Ukitaka kujua ni nani hapa Likoni magoti yake yameanza kusagika, simama asubuhi kwenye mteremko wa kuingilia feri. Kupanda kuna afadhali. Kuteremka ndiko kunakowafanya wazee washike reli na kushusha mguu mmoja mmoja. Goti hilo huuma likitumiwa, na mzee akiketi sana hukakamaa kwa dakika chache. Gegedu linalofunika ncha za mifupa limechakaa, na misuli ya paja imelegea. Si upepo wala baridi iliyoingia mwilini. Ni umri, uzito, jeraha la zamani, na miaka ya kubeba na kuchutama.

Goti likivimba ghafla likawa la moto, na mzee ana homa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo. Viungo vingi vikishikwa pamoja baada ya homa, huenda ni chikungunya, iliyowalaza wengi Mombasa mwishoni mwa 2017 na mwanzo wa 2018.

Wengi huanzia duka la dawa na kuishia hapo. Tembe za diklofenaki hutuliza kweli, lakini zikimezwa kila siku zaweza kutoboa tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, na wazee wetu wengi tayari wana presha na sukari. Ya kupaka ni salama zaidi. Anzeni na hiyo. Anayefunga Ramadhani asimeze tembe hizi kabla hajala. Na ule unga usio na jina, unaoitwa dawa ya miti na kumaliza maumivu kwa usiku mmoja, uogopeni: huenda umetiwa steroidi kisirisiri, na steroidi hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa.

Goti lataka watu kadhaa. Anzeni hospitali iliyo karibu, kama ya Likoni au Port Reitz, mzee apimwe presha, sukari na figo. Mwombeni daktari awaelekeze kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na ikihitajika awape rufaa ya kwenda hospitali kuu ya Makadara. Mtaalamu huyo watu humdharau kwa kuwa hatoi dawa, ilhali mazoezi yake ndiyo tiba yenyewe. Msajilini mzee mapema kwenye bima ya afya ya serikali, SHA, na ulizeni kinacholipiwa kabla ya kufunga safari.

Nyumbani, egemezeni kiti imara ukutani. Mzee aketi, akunje mikono kifuani, ainuke polepole na kuketi polepole, mara 10. Kisha alale chali, anyooshe mguu, auinue kiasi cha shubiri na kuhesabu hadi 5. Maumivu kidogo hayana neno. Yakilala hadi kesho yake, apunguze, asiache. Nafuu huja baada ya wiki 6 hadi 12, kwa hiyo vijana wa nyumbani wamhimize.

Uzito nao una hesabu yake. Utafiti wa Marekani wa 2005 ulionyesha kuwa kila kilo 1 inayopungua hulitua goti mzigo wa kama kilo 4 katika kila hatua. Punguzeni mahamri na sukari ya chai. Samaki na mboga abaki navyo.

Sasa itazameni nyumba. Mbuzi ya kukunia nazi ni adui wa goti, maana kikao chake kiko chini mno. Nazi akune mjukuu. Kwenye choo cha kuchutamia wekeni kiti imara kilichotobolewa. Asiyeweza kusujudu aswali kitini. Wa kanisani asilazimishwe kupiga magoti. Bakora ishikwe mkono wa upande wa pili wa goti linalouma. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda, unaouma hutangulia kushuka.

Sindano ya gotini hutuliza kwa wiki kadhaa tu. Ikiwa mzee amefuata yote haya kwa miezi na bado halali usiku wala hafiki chooni bila kushikwa, mwombeni daktari awape rufaa kwa daktari wa upasuaji wa mifupa, awaeleze kuhusu kubadilishiwa goti. Mazoezi yasisimame wakati wa kungoja. Misuli yenye nguvu ndiyo itakayomwinua kitandani baada ya upasuaji.