Hatifungani ya maji Tanga: Tukishasema riba ni haramu, tunafanya nini?



Ndugu msomaji, katika darasa ninalofundisha swali moja limekuwa likijirudia: je, inafaa Muislamu kununua hatifungani ya maji? Swali hili lina mambo mawili ndani yake, maji ya umma na riba, na ni vizuri tuyatenganishe.

Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, ili kupanua huduma ya maji katika jiji la Tanga na maeneo jirani. Ilikuwa ya kwanza kutolewa na mamlaka ya maji hapa nchini, na fedha zilizoletwa na wanunuzi zilizidi zilizotakiwa. Utaratibu wake ni kwamba mnunuzi anaikopesha mamlaka, naye analipwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka. Kwa kila shilingi milioni 1 anayodai, anapata shilingi 135,000 kwa mwaka juu ya deni lake.

Lengo la kazi hii ni jema. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Na pale Madina Waislamu walipokuwa wakiuziwa maji ya kisima cha Ruma, Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kwa mali yake akakifanya wakfu, tajiri na maskini wakachota sawa.

Lakini lengo jema halihalalishi njia. Nyongeza iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na Suratul Baqara, aya ya 275 hadi 279, haikuacha upenyo. Kuiita faida, au kuiita hatifungani ya kijani, hakubadili hukumu yake. Kwa hiyo, kwa ninavyofahamu, kununua hatifungani ya namna hii hakufai. Ama mwananchi anayelipa bili yake ya mwezi, yeye ananunua huduma, wala hana lawama.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia hapo. Tunasema haramu, tunakunja mkeka. Bomba linajengwa kwa riba, maji yake tunatawadhia, na Waislamu wenye akiba hawana pa kuiweka. Aya ile ile iliyoharamisha riba imehalalisha biashara. Anayefunga mlango mmoja na aoneshe mwingine.

Mlango huo upo, nao ni sukuk ya ijara. Wananchi wanachanga fedha, wananunua kitu halisi, mathalani mtambo wa kusafisha maji au pampu. Kisha wanaikodisha mamlaka kwa muda maalumu, na kila mwenye sukuk anapata fungu lake la kodi. Muda ukiisha, mamlaka inaweza kuununua mtambo huo. Mto unabaki kuwa wa watu wote, kinachokodishwa ni chombo. Tofauti na riba iko wapi? Mkopeshaji anadai fedha yake na nyongeza hata kama mtambo umesombwa na mafuriko. Mwenye sukuk ni mwenye mali. Mtambo ukiharibika bila ya uzembe wa aliyekodi, kodi inasimama na hasara ni yake.

Hata hivyo tusidanganyike na majina. Mwaka 2007 Mufti Muhammad Taqi Usmani, aliyekuwa akiongoza baraza la wanazuoni la AAOIFI, taasisi ya Bahrain inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, alisema sehemu kubwa ya sukuk zilizokuwa sokoni hazikutimiza masharti. Moja ya kasoro ilikuwa ahadi ya kuinunua tena mali kwa bei ile ile ya mwanzo, vyovyote itakavyokuwa. Hapo mwenye sukuk habebi hasara yoyote, na jambo linarudi kuwa mkopo uliovishwa kanzu.

Sukuk si ngeni kwetu. Mwaka 2025 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua ya kwake. Mabomba, matangi na mitambo ni mali zinazoonekana na kuhesabika, hivyo huduma ya maji ni katika mambo yanayofaa zaidi kwa njia hii. Kinachokosekana ni sisi kulidai jambo hilo mapema. Masheikh wetu, wahasibu na wanasheria wa Kiislamu wakae pamoja, waandike pendekezo, walipeleke kwa mamlaka za maji kabla hatifungani nyingine hazijaandaliwa. Tukingoja zitangazwe ndipo tupande mimbari, tutakuwa tumechelewa, na ujira wa kuwanywesha watu maji watauchukua wengine.

Wallahu a'alam.